Udongo wa ndoo ushachoka, nimwage au bado unapandika?

WaGhorofaYaNne
Assalaam alaykum wanajukwaa. Mie nakaa Michenzani, hapa Unguja mjini, ghorofa ya nne, nna ndoo 14 za rangi, zile za lita 20, nimezipanga kibaraza cha nyuma. Nimepanda tungule (nyanya) misimu mitatu mfululizo. Wa mwanzo nilichuma mpaka nikagaia majirani, wa pili si haba, huu wa tatu ndo balaa. Miche imedumaa, majani ya chini yamekuwa manjano, mengine nimekuta yamenyauka tu, na udongo wenyewe umeshikana kama tofali, nikimwagia maji yanakaa juu yananiangalia, afu ghafla yanapita pembeni mwa ndoo yanatoka chini yote, nikichimba kwa kijiko katikati pakavu kabisa. Jirani wa ghorofa ya tatu anaanika nguo zake, nishapigiwa kelele mara mbili wiki hii. Na kwenye ukingo wa ndoo kumeganda kitu cheupe kama chumvi.

Mume wangu anasema mwaga, nunua mwengine. Kusema kwepesi! Udongo mzuri wa shamba siku hizi unanunuliwa kwa polo (gunia), si kama zamani unachota tu, na ndoo moja ya udongo ulorowa haipungui kilo 30 hivi, sasa zidisha mara 14 afu uzipandishe ngazi hizi za kwetu, na kabla ya hapo ushushe ule wa zamani. Kijana wa kubeba alivoziona ngazi alicheka akaondoka.

Kuna mtu anatumia udongo ule ule mwaka hadi mwaka? Ramadhani inakaribia nataka angalau kotmiri (majani ya giligilani) na mchicha wangu mwenyewe.

kombamwiko77
Mwaga. Udongo ukishazaa mara tatu ni maiti huo, unalimbikiza maradhi tu. Mie wangu nimemwaga juzi wote na roho yangu nyeupe.

mama_asumini
Wa alaykum salaam bibie. Usimsikilize huyo. Mie nipo Malindi hapa hapa Unguja, nna asumini kwenye beseni kubwa la shaba la bibi yangu (lilitoboka, ndo likaingia kazini upya), udongo ule ule tangu mwanangu wa kwanza anaanza skuli na sasa ana mtoto wake. Kila mwaka kabla ya masika namtoa, nampunguza mizizi kwa kisu kile cha jikoni kibovu, nautifua udongo wote kwenye sakafu juu ya gunia, natia samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina harufu, namrudisha. Jioni nikikaa barazani watu wakipita wanauliza harufu inatoka nyumba gani.

Udongo hauzeeki, umebanwa na una njaa bas. Ulikuwa unatia nini?

WaGhorofaYaNne
Mbolea ya dukani tu, kijiko kila nikikumbuka 🙈

MpembaWaKonde
Hahaha nyie watu wa mjini mnanichekesha, udongo wa kununua! Njoo Konde nkupe bure, nauli ya meli juu yako. Ila n'kwambie dawa ya kweli: majivu. Jivu la kuni, lile la jikoni, changanya kopo moja kila ndoo, utaona tungule zinavorudi. Kwetu bibi zetu wote walikuwa wanamwaga majivu shambani.

MzeeKinongo
Waalaykum salaam. Nimestaafu, nilikuwa bwana shamba miaka mingi, sasa kazi yangu kusoma mambo yenu humu na kumwagilia mipilipili.

Mwanangu wa ghorofa ya nne, kabla ya mwaga au usimwage, kuna swali moja hujaulizwa. Hiyo miche, ilidumaa au ilinyauka? Umeandika vyote viwili kwenye sentensi moja kama kwamba ni kitu kimoja, na kumbe hapo ndo penye kesi yote. Mche uliodumaa na kuwa manjano kuanzia majani ya chini, huo una njaa, au mizizi haipati pumzi, au chumvi imezidi. Udongo wa namna hiyo unatengenezeka. Mche uliokuwa mzima, kijani, na ghafla mchana kweupe ukalala kama umemwagiwa maji ya moto, usiku unainuka kidogo, kesho unalala tena mpaka ufe, huo ni mgonjwa, na ugonjwa umo humo kwenye udongo.

Kwaiyo usizichanganye ndoo zako. Tafadhali sana. Watu wanakosea hapa, wanamwaga zote 14 sakafuni wanachanganya vizuri na mbolea, na ile moja yenye maradhi ndo washaigawia zote.

Chukua ule mche ulonyauka, kata kipande cha shina chini kabisa karibu na udongo, urefu wa kidole. Weka maji safi kwenye gilasi ya kuangaza, ning'iniza kipande kwa uzi ncha ya chini iguse maji, usikitikise, subiri dakika kama tano. Ukiona uzi mweupe unashuka kutoka kwenye mkato, kama moshi wa ubani ila unaenda chini, huo ni mnyauko wa bakteria. Udongo huo usipande tena tungule, bilingani, pilipili wala mbatata, hao wote ukoo mmoja, na bakteria huyo anaweza kukaa kwenye udongo miaka. Ukiona maji yamebaki safi, ng'oa mche mwengine utazame mizizi. Mizizi ikiwa na mafundo mafundo kama shanga zimetungwa, hiyo ni minyoo fundo, midogo huioni kwa macho. Hiyo inatibika kwa jua.

Fanya hivo kwanza uje utwambie.

yakhe_tu
Mzee mbona kunde zangu zina vifundo kwenye mizizi na zinazaa vizuri tu?

MzeeKinongo
Hivo vya kunde ni vyengine, ni rafiki. Kikwangue kwa ukucha: cha kunde kinabanduka chenyewe kimekaa pembeni ya mzizi, na ukikipasua ndani kina uwekundu kama nyama. Cha minyoo hakibanduki, mzizi wenyewe ndo umevimba. Kunde ukishavuna usiing'oe, kata juu mizizi iachie humo humo.

kombamwiko77
Haya yote kwa ndoo ya tungule? Si ununue tungule sokoni Mwanakwerekwe uishi kwa amani.

mama_asumini
We kombamwiko kila uzi upo, kazi yako kukatisha watu tamaa. Tungule ikija Ramadhani inapanda bei utaimba.

mtoto_wa_Paje
Naomba nieleze yangu mwengine asiingie shimoni. Mwaka jana nilisoma kwamba udongo mgumu unalainishwa na usumba wa nazi, nikasema alhamdulillah, huku kwetu usumba ndo nini, mama zetu wanafukia makumbi ufukoni miezi wanayatoa yanapigwa yanasokotwa kamba. Nikaenda nikaomba yale mabaki, ule unga wa kahawia unaodondoka wakipiga, nikapewa kapu zima kwa shukrani tu. Nikachanganya nusu kwa nusu na udongo wa zamani nikapanda pilipili mbuzi 20. Ikaota. Baada ya wiki moja ncha za majani zikaungua kama zimepitishwa kwenye moto, zikafa 17. Nikajilaumu maji, nikajilaumu jua, nikamlaumu na jirani kwa jicho.

Ni babu mmoja ndo aliniambia, "mjukuu wangu, ulionja?" Nikachukua kidogo nikaweka ulimini. Chumvi tupu! Makumbi yamekaa baharini miezi utegemee nini.

Sasa hivi naloweka usumba kwenye pipa, namwaga maji, naloweka tena, mara tatu mpaka nne kwa maji ya mvua si ya kisima (kisima chetu nacho kina chumvi ya bahari), afu naonja. Wallah naonja. Mwani pia vivyo hivyo, ule unaotupwa na maji ufukoni ni mbolea nzuri lakini uuoshe kwanza uoze.

WaGhorofaYaNne
Nimecheka ya jicho 😂 pole kaka. Sasa mie kile cheupe ukingoni ni chumvi? Maji yangu ya bomba hayana ladha ya chumvi.

MzeeKinongo
Si lazima iwe chumvi ya kula. Maji yetu Unguja mengi yanatoka ardhini, na ardhi yetu chini ni mawe ya matumbawe, maji yanapita humo yanabeba chokaa. Tazama birika lako ndani, ule ukoko mweupe ndo huo huo. Kila siku unamwagilia, maji yanapanda hewani, chokaa inabaki. Ongeza na mbolea ya dukani "kila nikikumbuka", nayo ni chumvi za aina yake. Misimu mitatu, ndoo haina pa kuvitapikia.

Dawa yake ni kukwangua tabaka la juu, vidole viwili, ulitupe, na kilichobaki ukisafishe kwa maji mengi. Ndoo ya lita 20 inataka maji mara mbili au tatu ya ukubwa wake, polepole, yatoke chini yaende zake, usiyaache kwenye kisahani yakanywewa tena. Na hapa ndo nimjibu ndugu yangu wa Konde. Majivu si vibaya, vilima vya Pemba vinanyeshewa sana mvua, udongo wake unachujika unakuwa na uchachu, jivu linaupooza. Bibi zako walikuwa na haki. Lakini huyu ana ndoo iliyojaa chokaa tayari, ukimpa jivu unamwongezea kile kile kilichomdhuru. Majani machanga yanakuwa manjano, mishipa inabaki kijani, chuma kimo ndani ya udongo na mche hauwezi kukichukua.

MpembaWaKonde
Haya mzee nimekubali, ila jivu la Pemba nalitetea mpaka kufa.

WaGhorofaYaNne
Mzee shkamoo. Nimepiga hesabu, ndoo 14 kwa lita 40 ni lita 560. Maji hapa yanapanda kwa zamu, siku nyengine yanafika ghorofa ya pili yanachoka yanarudi. Nikimimina lita 560 kibarazani huyu dada wa chini ataniletea sheha (kiongozi wa mtaa).

mama_asumini
Ngojea mvua shoga angu. Za masika ukizitoa nje ndoo zenyewe zinajisafisha, mvua haina chokaa.

MzeeKinongo
Marahaba. Bi asumini kamaliza. Kwangua tu sasa, fanya mengine, masika itakusaidia kuosha. Na zenye ukoko mdogo usihangaike nazo.

mpishi_wa_Fuoni
Mie nikwambieni njia ya mkato ambayo MSIIFANYE. Niliona video, Mmarekani mmoja anaoka udongo kwenye oveni kuua wadudu, nyuzi joto 80 hivi nusu saa. Nikaona mbona rahisi. Mke wangu kaenda kwao, nikajaza trei mbili udongo wenye unyevu, nikawasha. Yaani ile harufu jamani. Si ya moto, si ya kuoza, ni kama kuku aliyelowa kafungiwa kabatini. Imeingia mapazia. Siku mbili baadae mke karudi anaoka mkate wa kumimina wa wageni, wageni wanakula wanatazamana, mama mkwe akauliza hii hiliki mmenunua wapi.

Udongo ulipona lakini. Miche iliota vizuri sana.

WaGhorofaYaNne
😂😂😂 hiliki!

Haya nimekuja na majibu ya gilasi. Nimekata mashina ya ndoo tano ambazo miche ilinyauka. Tatu maji safi. Mbili, wallahi jamani, nimekaa na mwanangu jikoni tunatazama, kama dakika mbili hakuna kitu, mara uzi mwembamba mweupe ukaanza kushuka taratibu mpaka ukafika chini ya gilasi ukajikunja. Mtoto akasema mama mche unalia maziwa. Nimesisimka mwili. Zile tatu nikang'oa, mizizi ina mafundo kweli kama shanga. Zilobaki tisa mizizi yake haina fundo hata moja, imejizungushia ndoo tu kama kata ya kamba, imebana.

MzeeKinongo
Umefanya kazi nzuri kuliko vijana wengi niliofanya nao kazi. Sasa una makundi matatu. Mbili za maziwa zitoe, usizitupe bondeni wala karibu na vipando vya mtu, tafuta mnazi kaumwagie chini yake, mnazi haudhuriki na huyo bakteria. Ndoo zisugue kwa sabuni kisha klorini ya kufulia, zianike juani siku kadhaa, na kisu ulichokatia usikisahau, kioshe vile vile.

Tatu za minyoo zipike kwa jua. Huu ndo wakati wake, kiangazi hiki, mvua zikianza umechelewa. Toa mizizi yote uwezavyo. Lowesha udongo uwe kama tambara lililokamuliwa, mkavu haupiki vizuri. Nunua nailoni nyeupe ya kuangaza, ile ya yadi, SI nyeusi, nyeusi inajipasha yenyewe juu na nyeupe inapitisha jua mpaka ndani. Utandaze udongo unene wa shibiri, uufunike, uubane pembeni kwa mawe hewa isitoke. Usiuache ndani ya ndoo, ndoo ni kina kirefu joto halifiki chini. Wiki nne mpaka sita. Tia mkono chini ya nailoni saa nane mchana utaelewa mwenyewe.

Tisa zilobaki hazina ugonjwa, hizo ni njaa na kubanwa. Hizo unaweza kuanza leo.

yakhe_tu
Mzee kwanini usimwambie amwage klorini moja kwa moja kwenye udongo auwe kila kitu?

MzeeKinongo
Kwa sababu itaua kila kitu, na wale wa kheri ni wengi kuliko wa shari.

WaGhorofaYaNne
Kibaraza changu kinapata jua kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, yatosha? Na hizo tisa nitie nini kwa kiasi gani, nambieni kwa kipimo cha ndoo maana "kiasi" cha mama asumini sikielewi.

mama_asumini
Kiasi ni kiasi mwanangu 😄

shamba_la_Dole
Nijibu mie maana nauza miche na naufanya upya udongo wa viriba kila mwaka. Ndoo mbili za udongo wa zamani, uliotifuliwa na kutolewa mizizi minene, mizizi laini iache itaoza. Ndoo moja mboji au samadi ya ng'ombe iliyoiva, ukiishika nyeusi inavunjika haina harufu ya zizi. Nusu ndoo kitu cha kupitisha hewa, mie natumia kumvi za mpunga, nenda popote penye mashine ya kukobolea wanakupa wakuchekee, kwao taka. Nachoma nusu mpaka iwe nyeusi kama mkaa (usiiache ikawa jivu, mwagia maji mapema) na nusu naiacha mbichi. Mbichi tupu nyingi ina matatizo, ikianza kuoza inakula naitrojeni ya mche, majani yanapauka. Unga wa mbao ndo mbaya zaidi kwa tabia hiyo.

Kipimo cha kujua umepatia: chukua konzi, finya. Ishikane, halafu ukiidokoa kwa kidole imeguke. Ikibaki donge ongeza kumvi, isiposhikana kabisa ongeza mboji. Ukishachanganya usipande siku hiyo hiyo, lowesha, funika gunia, wiki mbili.

Na samadi ya kuku yenye maranda, mbichi usiguse. Inaunguza.

mtoto_wa_Paje
Na kokoto chini ya ndoo?

shamba_la_Dole
Nilikuwa naweka. Nikaacha. Haisaidii maji kutoka, inakula nafasi ya mizizi tu, udongo wa juu ya kokoto unabaki umelowa vile vile. Tundu za chini ziwe nyingi, funika na kipande cha chandarua kibovu udongo usitoke, bas.

MpembaWaKonde
Na utumbo wa samaki? Kwetu tunazika chini ya ndoo.

WaGhorofaYaNne
Kaka nilijaribu msimu wa pili. Paka wa Michenzani yote walikuja, kunguru nao, hawa walioletwa enzi hizo eti wasafishe mji, wamesafisha ndoo zangu mpaka mche ukaning'inia. Sirudii.

kombamwiko77
Mchanga wa pwani je, si unalainisha? Bure.

MzeeKinongo
Una chumvi, una chokaa ya makombe, na mchanga hapa kwetu hauchotwi ovyo bila ya kibali. Sababu tatu, chagua unayoitaka.

WaGhorofaYaNne (baada ya wiki sita)
Nimerudi. Ramadhani imepita na Idi tumekula, na mvua za kwanza zimenyesha jana usiku, niliamka saa tisa kuvuta ndoo zikae ukingoni zipate maji, mume wangu kasema nimeingiwa na kitu.

Udongo wa zile ndoo mbili za maziwa uko chini ya mnazi kwa dada yangu Fuoni. Kuushusha nililipa kijana, huyu hakucheka.

Tatu za minyoo zilikaa chini ya nailoni wiki tano na siku tatu. Mzee ulisema nitie mkono saa nane, nilitia, nikautoa mbio! Nailoni ndani inatoa matone kama kifuniko cha sufuria ya wali. Kwanza nilikosea, niliutandaza mkavu, wiki nzima hakuna matone, nikafungua nikalowesha ndo mambo yakaanza. Kwaiyo wiki ya kwanza sihesabu.

Tisa nilichanganya kama alivosema wa Dole, mboji nilinunua polo mbili tu badala ya udongo mpya wa ndoo zote 14. Ule udongo ulioganda haukukubali maji kwa juu kabisa, nikaukalisha na ndoo zake kwenye beseni la maji ukanywa kwa chini usiku kucha, asubuhi umelainika wenyewe. Mizizi niliyotoa ndoo moja tu ilijaa ungo!

Sikupanda tungule kwanza, nilitupa mbegu za mchicha kila ndoo kama mtihani, unaota haraka unajua mapema kama udongo una tatizo. Nane zimeota kama zulia, siku ya tano ulishatoka, na kumi la mwisho la Ramadhani tulikula mchicha wa nazi wa kwangu mwenyewe na kotmiri ya kwenye supu. Ya tisa... naona haya kusema. Nilitia jivu kwa siri, kopo moja la MpembaWaKonde, nikasema nione. Mchicha umeota wa manjano, mishipa kijani, sawasawa na alivoandika mzee.

MpembaWaKonde
Jivu la Michenzani hilo si la Pemba 😂

MzeeKinongo
Mashaallah. Hiyo ya tisa itoe nje mvua za masika ziipige miezi miwili, usiitupe, utaijaribu tena kipupwe. Zile za minyoo, ulipoufungua ukaulowesha umefanya vizuri, ila mwaka huu zipande vitunguu, usiwe na haraka na tungule. Tungule zipeleke kwenye zile nane, na msimu ujao uhamishe, kila mwaka ukoo mwengine kwenye ndoo.

mama_asumini
Na yule dada wa ghorofa ya tatu?

WaGhorofaYaNne
Kapanda juu wiki iliyopita nikajua kesi. Kumbe anataka mche wa mrehani. Nimempa na ndoo moja katika zile mbili tupu, nilizozisugua kwa klorini. Sasa maji yakimdondokea ananyamaza.

kombamwiko77
Naomba kuuliza kwa heshima zote. Nani anauza udongo wa polo, bei gani, na kubeba mpaka Kiembesamaki? Nataka kupanda bamia.

WaGhorofaYaNne
We si ulimwaga wako na roho nyeupe? Uliumwaga wapi?

kombamwiko77
Nyuma ya banda la kuku.

mama_asumini
Na bado upo?

kombamwiko77
Upo, kuku wanaupekua tangu siku ile.

shamba_la_Dole
Basi huo ushapata samadi bila ya kujua. Ondoa kuku, uuchekeche, funika usichujwe na mvua, kaa nao miezi miwili mitatu upoe. Halafu uuonje.

mtoto_wa_Paje
Huo usiuonje.